Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Ilianza na kelele ndogo ya kijinga. Ti, ti, ti. Dinah alikuwa nyuma na gunia la kabeji, mumewe Eliakim kwenye usukani, na kiti cha kushoto hakikuwa na hata mfuko wa nailoni. Lakini gari jipya lilidai aliyeketi pale afunge mkanda.

"Ni sensa tu, ile ya kuhisi uzito," Eliakim akasema. "Gari za kisasa ziko na akili."

"Basi iulize imeona nani."

Eliakim hakucheka, yeye aliyewaringia mtaa mzima wa Kibomet, akiwaonyesha majirani kamera ya nyuma kama mwanamume aliyezaa mapacha peke yake. Lile kuukuu la dizeli alikuwa ameliuza bila kuliangalia mara mbili. Lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, na mlango wake wa kushoto ulifunguliwa kutoka nje tu. Hili la kunywa petroli alilifuata mpaka Bungoma.

Fundi Kiarie aliitwa. Akaingiza kichwa chini ya kiti, makalio juu. "Mama, gari imetoka ng'ambo na meli. Labda jini ya bandarini imekuja kuona Kitale, bana." Akacheka peke yake, akachomoa waya, akatoka nao mkononi.

Ti, ti, ti.

Kiarie aliuweka waya juu ya boneti polepole, akaenda zake bila kuuliza malipo. Kiarie huyo!

Kisha ikaja harufu. Gari la petroli likanuka dizeli, na chini ya dizeli, kafuri. Dinah aliijua kafuri hiyo. Levi, mdogo wake Eliakim, alikuwa akijipaka kifuani kwa sababu ya pumu, na mwezi wa saba mwaka jana alikufa kwenye kiti cha kushoto cha gari la zamani, Eliakim akimkimbiza hospitali ya Lugulu.

Jumapili moja nyuma kulijaa wanawake wa kanisa, ikabidi Dinah akae mbele na mimba yake ya miezi minane, na alipokaa hakukuta kiti, alikuta magoti, magoti mawili makavu ya mwanamume chini ya mapaja yake, na kuna pumzi ilikuwa inamkoroma kisogoni, nyembamba, ya mtu anayetafuta hewa asiipate.

Zilibaki wiki tatu ajifungue. Na gari la kumpeleka lilikuwa hilo hilo.

Akamwambia mama mkwe wake, Nasambu, Eliakim akiwepo.

"Mtoto wangu hakuitwa," mama mzee akasema. "Mtu akifia njia, mnasimama pale pale, mnamwita jina, mnamwambia twende nyumbani. Usipomwita atakaa penye ulimwachia, kando yako, hata ubadilishe gari. Alifia wapi, Eliakim?"

"Kwa geti ya hospitali, Mayi." Alimjibu mama yake upesi, kama mtoto aliyekariri shairi.

Alhamisi asubuhi wakaenda, Dinah na mama mkwe wake nyuma. Walipopita Kiminini Eliakim aliongeza mwendo. Huko Lugulu, Nasambu alisimama langoni akamwita mwanawe mara nne, askari wakimtazama. Kitini, ti, ti, ti, kama anayeitwa ni mtoto wa wenyewe.

Wakarudi. Karibu na Kiminini, mbele ya kituo cha mafuta kilichokufa zamani, kioo cha kushoto kikagongwa. Kwa ndani. Gari likaishiwa nguvu, likasimama.

"Eliakim," mama yake akanong'ona. "Hapa ni wapi?"

Eliakim alikuwa ameinamisha kichwa kwenye usukani. "Broka wa magari alikuwa ananingoja hapa, tuongee bei ya ile gari ya zamani. Nilimwambia Levi, dakika tano tu. Nilimsikia akigonga, Mayi. Nilifikiri ananiharakisha."

"Dakika tano?"

"Arobaini."

Nasambu hakulia. Alishuka, Dinah akashuka upande wa pili ameshika tumbo. Mama mzee akaweka kiganja kwenye kioo cha kushoto. "Levi. Mama yako amekuja. Shuka twende nyumbani."

Ile ti, ti, ti ikakatika. Dinah akashusha pumzi.

Tak. Milango yote minne ikajifunga.

Eliakim alivuta mlango wake. Akabonyeza ufunguo, akabonyeza tena, kisha akaanza kugonga kioo, mdomo wake ukitamka jina la Dinah bila sauti kutoka, na Dinah akaokota jiwe akapiga na jiwe likarudi kama limegonga mpira, akapiga tena mpaka vidole vikachanika, na wenye bodaboda wakaja mbio na vyuma, nao wakapiga, na kioo hakikupata hata mkwaruzo, jua la saa sita likiwaka na Eliakim akishika koo lake mwenyewe.

"Levi, huyu ni mkubwa wako!" Nasambu alilia sasa. "Mwachie, mwanangu!"

Dinah aliona kioo cha Eliakim kikipata ukungu wa pumzi, fupi fupi, za haraka, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

Na kioo cha kushoto nacho kikapata ukungu. Ule ulikuwa mpana, ukija na kuondoka taratibu, wa mtu aliyepona kifua na asiye na haraka yoyote.