Kaburi Lililopinda Katika Mgodi wa Chuma

Yarrow alikuwa akimtafuta ngamia wake aliyekaribia kuzaa alipoona udongo mbichi ndani ya shimo la wazi la mgodi wa zamani, nje kidogo ya Bute. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mwezi wa Aprili 1996. Alidhani ni kazi ya fisi. Alipochokoa kwa fimbo akakuta shuka jeupe, na ndani ya shuka mkono wa mtu. Mzee wa watu akatimua mbio hadi kituo cha polisi.

Inspekta Shurie, mpelelezi aliyekuwa ametumwa kutoka Garissa kwa kesi ya wizi wa mifugo, alifika hapo kabla ya adhuhuri. Aliyeuawa ni Abdiwahab wa mtaa wa Iftin, Garissa, mtaalamu wa miamba aliyekuja kuupima ule mgodi. Kisogo chake kilikuwa kimepasuliwa kwa nyundo yake mwenyewe.

Kilichomchanganya Shurie ni kaburi. Mwanandani, lile shimo la ubavuni la kumlazia maiti, ulikuwa umechimbwa vizuri. Marehemu alikuwa amesetiriwa kwa shuka safi na kulazwa ubavu wa kulia. Muuaji gani huyu anayeua kisha anazika kwa adabu kiasi hicho?

"Angalia fizuri, afande," Yarrow alisema. Aliongea Kiswahili kwa sababu konstebo aliyeandika maelezo alitoka Kisii. "Hii kichwa iko kaskazini. Uso naangalia jua ikizama. Hiyo si kibla. Hapa kwetu kibla ni kaskazini, hata mtoto najua."

Shurie akatoa dira ya kituo akaiweka juu ya kaburi. Mshale ulionyesha kwamba uso wa marehemu ulielekea kaskazini barabara. Akatazama kivuli chake, akatazama dira, akaitikisa. Dira ya serikali, akajisemea, itakuwa mbovu kama mengine yote.

Koplo Mowlid, mkubwa wa kituo, hakuona fumbo lolote. "Muislamu hawezi kupinda kaburi. Ni yule dereva Mkamba." Kabla Shurie hajatia neno, Mutinda, dereva wa marehemu, alikuwa amefungwa pingu. Asubuhi ya pili angesafirishwa kwenda kushtakiwa kwa mauaji, na adhabu ya mauaji kila mtu anaijua. Langoni mwa kituo vijana walikuwa wameshaanza kurusha mawe.

Shurie alimhoji kwanza Yarrow, kwani mji mzima ulijua kuwa aliwahi kuwalaani wachimbaji baada ya ngamia wake kuvunjika mguu shimoni.

"Nililaani shimo, sikulaani mtu, wallahi. Ile shimo ina majini. Ndiyo yule mzungu mwenye mgodi alikimbia zamani, kabla ya fita."

"Na jana ulikuwa wapi, adeer, mzee wangu?"

"Kisimani, na watu kibao. Uliza."

Aliuliza. Ilikuwa kweli. Akamgeukia Mutinda, aliyeketi sakafuni ameshika tama.

"Mligombana, wewe na marehemu?"

"Tuligombana, afande. Nilitaka kurudi nyumbani, mke wangu yuko karibu kujifungua. Lakini mzee alikuwa mtu mzuri. Alinifundisha mawe. Juu ni jekundu, chini jeusi. Hilo jeusi alilisogeza karibu na misumari yangu, ikalirukia! Nilicheka kama mtoto."

"Alisema mzungu aliondoka kwa nini?"

"Chuma kiliisha. Alisema ni kipande tu kilichobanwa katikati ya mawe mengine, hakizidi ukubwa wa nyumba. Alitaka kuwaambia watu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Naziba pancha peke yangu. Nani atanitetea hapa, afande?"

Shurie aliinuka akatoka, aibu imemjaa.

Alasiri alikwenda kwa Haji Duale, mfanyabiashara aliyemleta Abdiwahab kutoka Garissa. Huyu alikuwa amewashawishi watu wahamie karibu na kilima cha mgodi, waache kuhama na mifugo, maana chuma kingeleta barabara, shule na kazi. Tangu asubuhi alikuwa amejifungia ndani kwa majonzi. Macho yalikuwa yamemwiva.

"Mzungu alifukuzwa na vita," alisema. "Chuma kiko tele. Abdiwahab alikuwa rafiki yangu tangu madrasa. Jana sikutoka dukani. Huko shimoni mimi sijawahi kushuka."

"Inasikitisha, Haji. Tena kaburi lenyewe limepindwa. Hakuelekezwa kibla."

"Haiwezekani!" Haji alifoka. Kisha akashusha sauti. "Yaani... basi ni yule dereva. Nani mwingine?"

Adhana ikalia. Haji akatandika msala aliotoka nao Makka, wenye dira ndogo iliyoshonewa pembeni, akauzungusha mpaka mshale ukatulia. Nyumba ameishi miaka na miaka, na bado anauliza dira kibla kiko wapi! Shurie alikaribia kutabasamu, halafu akakumbuka msiba.

Aliporudi kituoni kichwa kilikuwa kinamwuma. Historia ya mgodi ilikuwa imemfikia kwa namna tatu, na kaburi lilikuwa sawa kwa dira, kombo kwa jua. Akaitoa ile dira mbovu akaiweka mezani. Ajabu, sasa ilionyesha kaskazini bila kosa. Akaitazama kwa chuki. Kando yake palikuwa na mfuko wa mawe ya marehemu. Akachukua jiwe jeusi, akalisogeza taratibu.

Mshale ukageuka kulifuata.

Asubuhi ya pili, kabla ya gari kuondoka, Shurie aliwataka wote waende mgodini. Mutinda alishuka na pingu zake. Wazee walikuja, na Haji Duale pia.

"Haji, wewe ndiye mwenyeji wake," Shurie alisema. "Mwombee dua hapa alipolala. Tandika msala wako."

Haji akautandika shimoni. Kwa mazoea aliinama akatazama dira, akauzungusha msala, akauzungusha tena, akasimama. Jua la asubuhi likampiga kisogoni. Kivuli chake kilikuwa kirefu mbele yake.

"Haji!" mzee mmoja aliita. "Wafanya nini? Unaelekea magharibi!"

Haji alikitazama kivuli. Akaitazama dira.

"Jiwe jeusi huvuta mshale," Shurie alisema. "Nimepima kote humu tangu alfajiri. Mfugaji wa hapa hahitaji dira. Mutinda hajui mwanandani. Aliyezika hapa alijua kila kitu cha maziko, ila hakuiamini akili yake, akaiamini dira. Na Jumanne mawingu yalikuwa yamefunga, jua halikuonekana. Mji huu dira kwenye msala unayo wewe peke yako."

"Nilitazama mara mbili," Haji alisema kwa sauti ndogo. "Nilimgeuza kwa mikono yangu. Nilitaka angalau hilo nimfanyie."

"Kwa nini ulimuua?"

"Alisema anakwenda kuwaambia. Leo hii hii, alisema. Chuma hakuna. Watu wameuza ngamia kwa neno langu, wamejenga kwa neno langu. Nilimsihi. Akageuka kuondoka, na nyundo ilikuwa karibu." Akapiga magoti. "Ya Allah, nimemlaza vibaya. Abdiwahab, nimekulaza vibaya."

Hakuna aliyemsogelea. Wazee walikuwa wakitazamana, maana sasa walikuwa wamesikia na lile la chuma, wala hawakujua walilie lipi kwanza.

Mowlid alimfungua Mutinda pingu bila kumtazama usoni, kisha akazifunga mikononi mwa Haji.

"Gari lako liko kituoni," Shurie alimwambia dereva. "Nenda kwa mkeo. Na utusamehe."

Mutinda alijisugua vifundo vya mikono. Hasira zilikuwa zimemjaa, na hakuzificha. "Mtamzika lini mzee?"

"Leo. Baada ya adhuhuri."

"Jana walisema nisimguse. Leo nitalibeba jeneza lake. Nikimaliza, ndipo nitawaaga."

Shurie aliwatazama wazee. Yarrow akavua kilemba, akakikung'uta vumbi, akamwonyesha Mutinda njia ya kupandia.

"Njoo, walaal, ndugu yangu," alisema. "Utashika mbele."