Dobon Haendi Kushoto

Jumapili mchana Akihabara, mtaa wetu wa maduka ya gemu, hapapitiki. Watu wanabanana kwenye ngazi, muziki wa duka hili unagombana na wa duka lile, na siku hiyo, ghorofa ya tano, kwenye duka la gemu za zamani, mikono miwili ilishika kaseti moja kwa pamoja.

Mkono mmoja ulikuwa na madoa ya wino. Mwenyewe Orihara Chinatsu, mchoraji wa manga, vile vitabu vyetu vya hadithi za picha, sketi ndefu ya rangi ya haradali, raba nyeupe, nywele kazibana kwa penseli. Mkono wa pili ulikuwa wa Minobe Kosaku, mrefu, shati la buluu limepigwa pasi mpaka limenyooka kama ubao.

"Samahani dada, mimi niliiona kwanza."

"Kuona si kushika."

"Nimeshika pia."

"Umeshika kona tu. Mimi nimeshika kitu chenyewe."

Kosaku akacheka, akaachia. Ilikuwa kaseti ya Dobon, kappa mdogo, yale mazimwi ya mtoni yenye sahani ya maji utosini. Kila aliyekulia kwetu amemkimbiza Dobon: unaruka mawe, unavuka mashimo, maji yasimwagike, na unakwenda kulia tu. Ukitaka kurudi nyuma, skrini imeshajifunga.

"Nimepewa kazi ya kumchora kwenye manga," Chinatsu alisema. "Na kuna kitu kinaniwasha. Wewe unaonekana mjuzi. Hivi Dobon anakimbilia wapi?"

"Kulia."

"Huko kulia kuna nini?"

Kosaku akainamia picha ya kwenye kaseti. Alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwahi kujiuliza. Na hapo hapo ndipo alipotakiwa kusema ukweli: kwamba alifanya kazi kwenye kampuni iliyomtengeneza Dobon, kwamba kila mchoro wa mrembo huyu ungepita mezani kwake ndio uchapishwe. Hakusema. Alitaka kwanza wanywe kahawa, na kanuni za kazini zingemkataza. Uongo wa kunyamaza, jamani, huanza hivyo hivyo, kidogo kidogo.

"Una kadi ya kazi?" Chinatsu aliuliza.

"Nimesahau nyumbani."

Mwongo. Zilikuwa mfukoni, pakiti nzima.

Wakanywa kahawa. Wiki iliyofuata wakala tambi, wakashinda kwenye simu. "Minobe-san" wa heshima akageuka "Ko-chan" wa mapenzi, na Kosaku akaanza kufika kwenye chumba cha Chinatsu kule Koenji. Kila akifika, mlangoni husema neno la mgeni: "Samahani kwa usumbufu."

"Mwezi wa tatu sasa, bado unanisumbua tu?"

"Mgeni ni mgeni, mpenzi."

"Ukichoka ugeni utaniambia."

Kwetu mtu wa nyumbani akiingia husema "nimerudi", na aliye ndani humwitikia "umerudi". Maneno hayo hayachezewi. Kosaku aliyataka, akayaogopa, maana alijua anachoficha.

Rasimu ya Chinatsu ilikuwa imerudishwa na kampuni na mstari mmoja wa wino mwekundu: Dobon haendi kushoto.

"Ko-chan," Chinatsu alilalamika kwenye simu, "huko kwenye kampuni kuna mzee mmoja, kichwa chake ni jiwe."

"Mzee?"

"Lazima ni mzee. Eti Dobon akimbilie kulia. Manga tunaisoma kutoka kulia kwenda kushoto, hata mtoto wa chekechea anajua. Akikimbilia kulia, msomaji atamwona anarudi alikotoka."

"Labda ana sababu zake. Kwenye gemu kushoto hakuna."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Wako."

"Mbona sauti imekuwa ndogo?"

Rasimu ikarudishwa tena, wino uleule. Bi Hatakeyama, mhariri wake, hakumficha: isipopita Ijumaa, kurasa anapewa mchoraji mwingine. Chinatsu alikuwa amekula miaka akichora majani na madirisha kwenye kazi za wenzake. Hii ndiyo ya kwanza yenye jina lake. Akaomba wakutane na huyo mzee, ana kwa ana.

Alhamisi mlango wa chumba cha mikutano ulifunguka, likaingia shati la buluu.

Kosaku aliinama. Akanyoosha kadi kwa mikono miwili, kama ilivyo ada. "Orihara-sensei, naitwa Minobe. Mimi ndiye msimamizi wa Dobon."

Sensei, yaani mwalimu. Mtu aliyekuwa akimwita Chi-chan. Mbele ya Bi Hatakeyama, Chinatsu angefanya nini? Aliipokea kadi kwa mikono miwili, akainama, akimchoma kwa macho.

"Kumbe kadi unazo," alisema polepole.

Kikao kilikwisha bila jibu. Kosaku alimkimbilia kwenye korido.

"Chi-chan, ningesema, wangempa mtu mwingine kazi yangu, asiyempenda Dobon. Na aliyeniachia kiti aliniachia neno hilo moja tu, kwamba haendi kushoto. Nimelishika kama wosia."

"Ukaniacha nikutukane wewe mwenyewe."

"Ulinitukana vizuri."

"Usinichekeshe. Nina hasira." Akaondoka, na kwenye treni akalia.

Ijumaa asubuhi alikaa mezani kwa kisirani. Wanataka kulia? Watapata kulia, waone upuuzi wao. Akamchora Dobon akikimbilia kulia, ukurasa wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu mkono ukapunguza mwendo. Macho ya msomaji yanakwenda kushoto, na kappa huyu anakuja kuyapokea, akitoka mbali, maji yake hayajamwagika.

Kumbe hakuwa anakwenda. Alikuwa anarudi.

Chinatsu alichora mpaka mwisho bila kunywa hata chai. Mlango kando ya mto, Dobon amesimama, anasema: "Nimerudi." Kiputo cha pili cha maneno, cha aliye ndani, alikiacha kitupu.

Saa tisa kengele ililia. Alifungua bila kuondoa mnyororo. Kosaku alikuwa nje, shati limekunjamana kwa mara ya kwanza.

"Nimepitisha," alisema. "Aende kushoto. Na nimewaambia kazini habari zetu. Kuanzia Jumatatu Dobon ana msimamizi mwingine."

"Umechelewa. Nimeshamgeuza."

Akampitishia kurasa kwenye upenyo. Kosaku alizisoma amesimama. Alipofika mlango wa mtoni, alirudia ukurasa wa kwanza.

"Anarudi nyumbani," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa namrudisha nyumbani."

"Ndiyo maana haendi kushoto."

Kosaku alitoa kalamu, akatia sahihi papo hapo, karatasi kaibana ukutani. "Leo bado msimamizi ni mimi. Lakini hiki kiputo mbona kitupu?"

"Sijui aliye ndani atamjibu nini. Dobon alimdanganya."

"Alinyamaza. Aliogopa kufukuzwa."

"Kunyamaza ndiko kulikouma."

"Najua. Nisamehe, Chinatsu."

Chinatsu aliondoa mnyororo, akazichukua kurasa, akarudi mezani, akampa mgongo. Mlango aliuacha wazi.

Kosaku alivua viatu. Neno la mgeni lilimfika mdomoni, akalimeza. Akavuka kizingiti.

"Nimerudi," alisema.

Chinatsu alichovya kalamu kwenye wino. Akaandika neno moja ndani ya kiputo, akalipuliza likauke.

"Umerudi," alisema. "Haya, nawa mikono, tule."