Kelele Chini ya Kiti

Nyumba ya Mama Pacha iliamka kwa vurugu kila siku. Viti vya plastiki viliburutwa uani. Maturubai yalikunjwa. Pacha mmoja alitafuta kiatu, mwenzake amekikalia. Majirani waliingia kuazima hiki na kile, na wakishaingia hawatoki, maana kwa Mama Pacha hapakosi chai wala umbea.

Familia hii ilikodisha viti, maturubai na spika za sherehe. Mama Pacha alipokea wateja. Mumewe alifunga spika na kupiga muziki, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Spika. Na mzigo wote ulibebwa na gari lao, lile la abiria waliloling'oa viti vya nyuma. Walilinunua likiwa tayari limetumika sana. Sasa lilikuwa limetembea kilomita zaidi ya laki tatu. Injini yake ilikaa chini ya kiti cha mbele, kama mayai chini ya kuku.

Asubuhi moja gari lilianza kusema.

Tak-tak-tak-tak.

"Umesikia?" Mama Pacha aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo tak-tak."

"Gari zee hilo, mke wangu. Hata wewe magoti yako yanalia."

"Magoti yangu hayabebi spika, baba."

Mama Pacha ni mtu ambaye swali likimwingia halimtoki. Akawa anatega sikio. Aligundua jambo la ajabu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kelele ilikuwa kubwa. Gari likishatembea kidogo, kelele inafifia. Likipanda kilima na mzigo, inarudi.

"Ugonjwa gani huu unaokuja na kuondoka?" alijiuliza.

Majibu hayakukosekana. Jirani mmoja alisema ni mafuta mabaya. Mwingine akasema kuna panya. Lakini aliyewatisha ni dalali wa magari, yule anayeitwa Chapchap.

"Injini imekufa hiyo," alisema, huku akijimiminia chai bila kukaribishwa. "Imebaki kuzikwa tu. Jumamosi nawaletea mteja. Uzeni kabla haijawafia mikononi."

Mama Pacha alivitazama viti vyake. Bila gari, viti na spika ni mapambo tu ya uani. Watakula nini?

Spika alikubali kuuza. Tena akapata wazo. Alichukua sponji anayotumia kuziba ndani ya maboksi ya spika. Akaikata vipande, akaibandika chini ya kiti, juu ya injini.

"Mimi ndiye mtaalamu wa sauti hapa," alijisifu. "Washa usikie."

Kweli, kelele ilipungua.

"Sasa mteja hasikii kitu," alisema Spika.

"Na sisi tutasikia kwa nani?" mkewe alimjibu. "Hukuitibu, umeiziba mdomo."

Siku hiyohiyo alimpigia simu wifi yake, dada mdogo wa Spika, fundi katika gereji ya malori.

"Yule?" Spika aliguna. "Nimembeba mgongoni yule!"

"Basi kesho yeye atakubeba wewe."

Wifi alikuja Ijumaa alasiri. Alikuwa ameagiza gari lisiwashwe tangu asubuhi, ili aikute injini ikiwa baridi. Uani watu walishajaa kama kuna arusi.

"Wifi, karibu. Wamekuja kukutazama wewe, si gari," alisema Mama Pacha.

"Basi wasisimame karibu na injini," alicheka. Kisha akauliza maswali. "Linalia wakati gani? Baridi au moto? Likisimama au likitembea? Ukikanyaga mafuta, kelele inaenda kasi?"

Mama Pacha alimweleza yote. Likiwa baridi linalia. Likipata moto linafifia. Likipanda kilima linalia tena. Ukikanyaga, tak-tak inakimbia.

"Wifi, umenirahisishia kazi. Watu wengi wananiambia tu, 'gari linalia.' Ni sawa na kwenda hospitali ukasema 'naumwa' halafu ukanyamaza."

Kwanza alihakikisha gari limesimama mahali tambarare. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Injini ikitoa kelele ngeni, anza hapa. Oili ikipungua sana, vyuma vinasagana. Ukiona hivyo, usiwashe tena mpaka ijazwe na ujue ilikokwenda."

Oili ilikuwa ya kutosha. Akainua kiti. Akachungulia.

"Nani ameweka sponji hapa?"

Watu wote walimtazama Spika. Spika akatazama angani.

"Kaka, angalia pembeni hapa. Imeshageuka rangi, imeanza kuungua. Mlikuwa mmekalia moto!"

Alibandua sponji yote. Mama Pacha aliikunja ile iliyoungua, akampa mumewe aishike. Spika aliishika kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari.

"Sasa tuisikilize," alisema wifi. "Tuko nje, hewa inapita. Usiwashe gari muda mrefu ndani ya banda lililofungwa. Na funga mtandio wako vizuri, wifi. Feni haina adabu."

Spika aliwasha. Tak-tak-tak-tak!

Wifi aliamuru izimwe. Akalegeza mkanda unaozungusha feni, akautoa. "Tunaiwasha kidogo tu, maana sasa maji ya kupoza hayazunguki. Kelele ikipotea, mgonjwa yuko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda."

Wakaiwasha. Tak-tak ileile.

"Kumbe si huko!" alisema Mama Pacha. Macho yalikuwa yanang'aa. Hofu ilikuwa imeupisha udadisi.

Mkanda ulirudishwa. Wifi akachukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Ncha moja akaiweka karibu na sikio. Ncha nyingine akaipitisha taratibu juu ya injini, bila kugusa kitu kinachozunguka. Alisikiliza juu, ambako ndiko valvu, vile vilango vya hewa na moshi, zilipo. Akatikisa kichwa. Alisikiliza chini. Akatikisa kichwa tena. Kisha akasogea pembeni, mahali bomba la moshi linapoungana na injini. Akatabasamu.

"Njoo, wifi. Sikiliza mwenyewe."

Mama Pacha aliweka sikio. Aliruka kidogo. "Yuko hapa! Ananipulizia sikioni! Si chuma kinagonga, ni pumzi inatoka!"

"Umeshakuwa fundi. Zima, kaka. Mnaona weusi huu? Masizi. Moshi unapenya hapa. Boliti moja imekatika, na gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba katikati ya vyuma, imeungua. Injini ikipata moto, chuma kinatanuka na kubana ufa, kelele inafifia. Ukipanda kilima na mzigo, moshi unasukumwa kwa nguvu, inarudi."

"Kwa hiyo injini haijafa?" Spika aliuliza.

"Injini nzima kabisa. Ila nijibuni. Mkiwa ndani ya gari mnajisikiaje?"

Spika alikuna kisogo. "Mimi kichwa kinaniuma kila nikirudi kazini. Nilidhani ni muziki."

"Watoto?"

Mama Pacha alijibu polepole. "Wanasinzia. Siku hizi wakiingia tu, wanalala. Juzi mmoja alitapika. Mimi nilifurahi kwamba wametulia."

Uani watu walisogea karibu. Hata wale wa umbea waliweka vikombe chini.

"Moshi huu una hewa ya sumu," alisema wifi. "Sumu yenyewe haina rangi wala harufu. Inakuumiza kichwa, inakutia kizunguzungu na kichefuchefu, inakulaza. Ikizidi, huamki. Ukihisi hivyo ndani ya gari, simama, toka nje upate hewa safi, nenda hospitali ukapimwe. Na gari hili haliendi popote mpaka litengenezwe."

Mama Pacha alifunga kiti. Akachukua ufunguo, akautia mfukoni mwake. Jioni hiyohiyo walikwenda zahanati na pacha, kwa miguu. Daktari aliwapima wote wanne. Akawaambia wamewahi.

Jumamosi asubuhi wifi alirudi na vifaa vyake. Alitoa kipande cha boliti kilichobaki ndani. Ilikuwa kazi ya jasho. Akafunga boliti mpya na gasketi mpya. Akapitisha tena mpira wa maji, akamwachia Mama Pacha ahakikishe.

"Kimya," alisema Mama Pacha. "Injini tu inanguruma."

Hapo Chapchap akatokea na mteja, mwanamume mwenye mtambo wa kusaga nafaka.

"Shemeji, mwashie mgeni asikie injini ilivyotulia," alisema Chapchap, akimkonyeza Spika. Habari ya sponji aliisikia, ya fundi bado.

Spika alimtazama mkewe. Kisha akainua kiti mwenyewe.

"Bwana, gari hili lilikuwa linavujisha moshi," alimwambia mteja. "Mimi nililiziba kwa sponji usisikie. Nisamehe. Ningekuuzia sumu."

Mteja aliangalia boliti mpya. Akauliza hiki, akauliza kile, na Mama Pacha akamjibu kila swali bila kumwita fundi. Mteja akavutiwa. "Basi sasa limepona, nalitaka zaidi!"

"Sasa hatuuzi," alisema Mama Pacha.

Chapchap alishika kiuno. "Likiwa bovu mnaniita! Likipona mnanifukuza!"

"Hatukukuita," wote walimjibu kwa pamoja, na uani ukalipuka kwa kicheko.

Mchana walipakia viti kwenda kwenye sherehe. Pacha walikaa katikati ya baba na mama, macho wazi. Walibishana nani akae dirishani. Walipigana viwiko. Waliuliza kwa nini mawingu hayaanguki.

"Hawa leo watanipasua masikio," Spika alilalamika.

"Waache," alisema Mama Pacha, akifungua dirisha. "Waache wapige kelele."