Chumvi ya Ngozi

Kila mwisho wa mwezi mume alirudi nyumbani na mfuko wa chumvi begani. Alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi. Huko ngozi mbichi hutiwa chumvi zisioze, na msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi wachukue kidogo.

"Ya bure hiyo!" alijigamba. "Wenzetu wananunua."

Mkewe, fundi cherehani, aliitumia kupikia. Sasa alikuwa na mimba changa. Alichoka mno, akawa anasinzia kwenye cherehani. Shingo nayo ilivimba kwa mbele.

Kliniki, nesi alimpapasa shingo. "Dada, nyumbani mnatumia chumvi gani?"

"Ya kiwandani kwa mume wangu. Ya kukaushia ngozi."

Nesi akamtumbulia macho. "Hiyo haina madini joto!"

"Ndiyo nini?"

"Iodini. Tezi ya hapa shingoni inaihitaji ili mwili upate nguvu. Ikiikosa, inavimba. Ndiyo rovu hilo. Na mtoto aliye tumboni anakutegemea wewe. Akiikosa, ubongo wake unaweza kudumaa."

Fundi alipandwa na hasira. Mtoto wake, kwa sababu ya cha bure!

"Nimechelewa?"

"Hapana, ila anza leo. Daktari akupime damu, maana si kila uvimbe unatokana na hilo. Nunua chumvi yenye madini joto, pakiti imeandikwa. Ifunike vizuri, mbali na jua na moto. Wala usizidishe. Kiasi kilekile cha kawaida."

Daktari alipima. Kweli, tezi ilikuwa imekosa iodini. Akampa na vidonge vya iodini.

Nyumbani mume alicheka. "Chumvi ni chumvi, mke wangu. Manesi wanapenda kutisha watu."

Kesho yake fundi aliukokota mfuko hadi kiwandani. Akaubwaga mbele ya wanaume wote.

"Kausheni ngozi zenu!" alifoka. "Mwanangu si ngozi!"

Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza polepole, "Shemeji, mke wangu naye shingo imevimba. Hiyo kliniki iko wapi?" Mume alinywea. Jioni alirudi na pakiti ya dukani.

Mtoto alizaliwa salama, akanyonya kwa nguvu. Baada ya wiki kadhaa alimfuata mama yake kwa macho kila alikokwenda. Uvimbe wa shingo ulikuwa umepungua.

Majirani walipokuja kumwona mtoto, mume alitanua kifua. "Mimi nilibadilisha chumvi mapema."

"Nani alibadilisha?" fundi aliuliza.

"Wewe," mume alinong'ona.

"Sema kwa sauti. Majirani hawajasikia."

Akasema.