Mpasua Mbao Ajifunza Kucheza

Joachim wa Matogoro ni mpasua mbao. Kutwa yuko kwenye msumeno mrefu wa watu wawili, yeye upande huu, mwenzake Otto upande ule. Gogo gumu halimtishi. Kinachomtisha ni muziki.

Jumamosi ingekuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Jane kabla ya harusi. Wazazi wangeingia ukumbini wakicheza, wakwe wakitazama. Basi Joachim na mkewe Kunegunda wakajaribu uani kwa wimbo wa redio. Joachim alikuwa na ujuzi wake mwenyewe: kila neno la mwimbaji, hatua moja. Mwimbaji akiharakisha maneno, Joachim alitimua mbio. Mwimbaji akivuta sauti, Joachim alibaki mguu mmoja hewani kama korongo, jasho likimtoka. Mguu uliposhuka, ulitua juu ya kidole cha mkewe.

"Yesu na Maria!" Kunegunda alilia. "Baba Jane, unacheza au unaua nyoka?"

Jane hakucheka. "Samahani, baba. Labda baba mdogo acheze na mama. Wewe kaa tu mezani."

"Sawa, mwanangu," Joachim alijibu. Lakini usiku huo aliuacha ugali ukapoa. Amuage mwanawe akiwa amekaa kama mgeni! Iliuma kweli.

Kesho yake Mwalimu Walburga, jirani anayefundisha kwaya, alikuja kwenye msumeno kuulizia mbao za benchi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

Joachim alieleza. Otto akaongeza chumvi. Walburga alicheka mpaka akakalia gogo.

"Hebu pasueni," alisema. Msumeno ukaanza. Joachim alipovuta, Walburga alipiga kofi kubwa. Alipoachia, kofi dogo.

"Vuta, achia. Vuta, achia. Unahesabu?"

"Sihesabu, Mwalimu. Mikono inajua."

"Basi huo ndio mwendo wa mapigo mawili! La kwanza zito, la pili jepesi, kisha unarudi la kwanza. Nyimbo nyingi za kuingilia ukumbini huenda hivyo."

"Na maneno je?"

"Yaache yaende yanakotaka. Mwimbaji anaweza kukimbia au kuvuta sauti, ngoma haimngoji. Wewe sikiliza ngoma kubwa. Pigo zito, mguu wa kushoto. Pigo jepesi, wa kulia."

"Nikipotea?"

"Simama. Pigo zito likirudi, ingia nalo."

Walifanya mazoezi siku nne, bila Jane kujua. Kunegunda alianza na mabuti ya mvua, maana tahadhari kabla ya hatari. Siku ya tatu aliyavua.

Jumamosi, Jane alikuwa meza kuu alipomwona baba yake mlangoni, ndani ya suti. Wimbo ukaanza. Mwimbaji akavuta sauti ndefu, na Joachim akamwona binti yake akifumba macho.

Hakujali. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Midomo yake ilinong'ona, "Vuta, achia." Katikati ya ukumbi alipotea. Akasimama, Kunegunda akimkaza mkono. Pigo zito likarudi, naye akaingia nalo, safari hii na mabega pia. Wakwe walisimama wote, wakipiga makofi.

Walipofika mbele, Joachim alitaka kwenda kukaa. Jane akashuka, machozi yakimharibia vipodozi, akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, baba? Bado hujacheza na mimi."