Gauni la Mpishi na Kizidishi cha Shangazi

Sebule ya nyumba ile ilikuwa na meza moja tu kubwa. Upande mmoja Bibi alikata nguo za wateja, upande wa pili Shangazi, aliyekuwa akisoma chuoni, alifanya hesabu zake. Katikati alibanwa mjukuu wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Najua. Jina hilo hakupewa na wazazi. Ukimwambia, "Mwanangu, hiyo sufuria ina..." yeye hudakia, "Najua!" kisha anaungua.

Jioni moja Shangazi alikuwa akijikuna kichwa kwa penseli.

"Umepoteza nini, Shangazi?"

"Natafuta kizidishi. Hii ni hesabu ya kitu kinachobadilika, kama chai inavyopoa. Ona, huku kushoto kuna vipande viwili visivyoshikana. Nikipata kitu sahihi cha kuzidishia, vitaungana viwe kimoja, nami nitaweza kuifungua hesabu yote."

"Unakipata wapi?"

"Humohumo ndani ya hesabu. Kando ya hii y pana mbili, kwa hiyo kizidishi changu kinatokana na hiyo mbili. Halafu nazidisha kila..."

"Najua!"

"Hujui. Sijamaliza."

Lakini Najua alikwisha kuruka kitini.

Jumamosi asubuhi Bibi alikunjua kitambaa cha mpishi wa shule. Alasiri mpishi angetuzwa mbele ya wazazi wote kwa kupika miaka ishirini, na wanawe walikuwa wamemnunulia kitambaa cha buluu kwa ajili ya siku hiyo. Tangu gauni lake la mwisho mpishi alikuwa amenenepa, na karatasi za vipimo alizozifuata Bibi wakati wa kukata zilikuwa zile za zamani.

"Nakwenda kununua uzi," Bibi alisema. "Wewe piga pasi kitambaa, basi. Mkasi usiuguse."

Najua akapiga pasi vizuri sana. Kisha akaitazama karatasi. Upana, sentimita arobaini na nane. "Haimtoshi huyu," akajisemea. "Kumbe inataka kizidishi!" Kipi? Mbili, si ndiyo aliyosema Shangazi? Daftari la vipimo lilikuwa pale pale mezani, lakini hakulifungua. Akakizidisha kipande cha mbele kwa mbili, akachora kwa chaki, akakata. Cha nyuma akakikata kama karatasi ilivyo. Aliona kizidishi kimekwisha kufanya kazi yake.

Bibi aliporudi alivinyanyua vile vipande viwili, akavilinganisha.

"Nani kakata?"

"Panya, Bibi."

"Panya huyu kasoma shule gani? Kachora kwa chaki kwanza."

Kabla Najua hajajibu, mlangoni pakasikika, "Hodi hodi! Nimekuja kujaribu gauni langu!"

"Haya, Panya," Bibi akasema, "mkaribishe mgeni."

Mpishi akaingia akicheka. Alipojiwekea kipande cha mbele kifuani na cha nyuma mgongoni, kicheko kikakatika.

"Huku mbele naingia mimi na jirani yangu. Huku nyuma haiingii hata hasira yangu! Bibi fundi, macho yamekwisha? Si ungesema, nikampelekea mwingine!"

Bibi aliinamisha kichwa tu. Najua aliiona mikunjo ya shingo yake. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumwambia Bibi maneno kama hayo.

"Si Bibi," akasema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nilikatazwa nikakata, nikazidisha kwa ile mbili ya Shangazi, halafu nikasingizia panya. Nisamehe, mama."

Mpishi akamtazama, kisha akaketi. "Sasa alasiri nitavaa nini? Aproni?"

Shangazi, aliyetoka chumbani aliposikia kelele, alikuwa tayari ameshika tepu ya kupimia. Akamwuliza Bibi, "Mama, kipimo chake ni ngapi?"

Bibi akafungua daftari. "Sitini mbele, sitini nyuma."

"Mbele tuna tisini na sita. Zinazidi thelathini na sita. Nyuma zinapungua kumi na mbili tu. Kitambaa kipo, tena na cha mishono kinabaki!"

Wakaanza. Bibi alikata vipande viwili virefu kutoka mbele, akaviunga ubavuni mwa kile cha nyuma. Najua alishika pini, akafumua palipokosewa, na safari hii aliuliza kabla ya kila hatua, mpaka mpishi akaguna, "Huyu mtoto sasa anauliza hata ruhusa ya kupumua."

Saa nane gauni likawa tayari, na likamkaa mpishi sawasawa.

"Sikiliza, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Kazi ya shangazi yako ilitaka kizidishi kinachotokana na mbili, yako ilitaka sitini igawanywe kwa arobaini na nane, yaani moja na robo. Kila kazi ina kizidishi chake, na hukipati mpaka uisome hiyo kazi yenyewe."

"Na ukishakipata," Shangazi akaongeza, "unazidisha kila kipande, kushoto na kulia. Ndipo uliponikatiza."

"Na ukikosea," Bibi akamalizia, "sema mapema. Kosa lililosemwa mapema bado lina kitambaa cha kulirekebishia."

Alasiri ile shuleni, baada ya makofi, mwalimu mkuu alimvuta Bibi pembeni. Alikuwa akiiangalia ile mishono ya ubavuni.

"Bibi fundi, huu ni mtindo gani mpya?"

Najua alimtazama Bibi. Bibi akamsukuma kidogo mgongoni.

"Si mtindo, mwalimu," Najua akasema. "Ni kosa langu, tukalirekebisha."

Mwalimu mkuu akafikiri kidogo. "Basi na mimi nishoneeni kosa kama hilo, la kijani."