Magauni Mawili ya Njano

Asubuhi ya siku ya maonyesho, fundi cherehani alimsimamisha binti yake juu ya meza ya kukatia nguo akamwambia asitikisike. Mtoto alikuwa na miaka minne, na kwa ajili ya alama nyeusi shavuni sote tulimwita Kidoti. Gauni lilikuwa la njano lenye maua makubwa ya buluu. Mama mtu ana pini mdomoni, Kidoti haachi kuzunguka, baba mtu kajilaza kwenye kochi na simu yake. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeleta koti langu litiwe zipu. Ilikuwa nyumba yenye raha, ndugu zangu, wala sitii chumvi.

"Kila maonyesho namshonea nguo ya kuwaka," alisema mama. "Akipotea kwenye watu nimwone tangu getini."

"Mm," akajibu mumewe.

"Kitambaa kilibaki, nikamshonea na yule binti wa fundi magodoro. Wana kimo kimoja. Unanisikia, Baba Kidoti?"

"Mm."

Ikumbukeni hiyo "mm". Mtu amekufa kwa sababu yake.

Baba Kidoti alikuwa fundi wa matairi ya malori, mikono yake mizito kwa kazi, na hakuwa mtu mbaya. Mkewe alibakiwa na sare za shule za kumalizia, akasema atawafuata alasiri. Alimshika mumewe begani mlangoni akamwambia, "Mkono wa mtoto usiuachie. Hata akitaka kukojoa, nenda naye."

"Mke wangu, kwani mimi ni mtoto?" alijibu, akacheka, wakaondoka.

Mimi ni kinyozi. Kwa ajili ya sauti yangu watu waliniita Honi, na kila mwisho wa mavuno kamati ya maonyesho ilinikabidhi kipaza sauti. Siku ile uwanja ulifurika. Kulikuwa na bembea za kuzunguka, sungura kwenye vizimba, bisi, maputo, na watoto wamebebwa mabegani mwa baba zao. Kidoti alipanda bembea mara mbili, akamlisha sungura majani, akataka kurudi tena kwa sungura.

"Tutarudi," alisema baba yake, kwa sababu mafundi wenzake walikuwa wamemwona.

Walikuwa wamezunguka mashine ya kupima nguvu. Unapiga kibao kwa nyundo kubwa ya mbao, kipande cha chuma kinapanda mlingoti, na ukiwa na nguvu kengele inalia juu.

"Njoo, bwana! Tuone kama hiyo mikono ni yako au umeazima!"

Nyundo ile haishikwi kwa mkono mmoja. Akamwachia mtoto, akamwambia, "Shika suruali yangu." Pigo la kwanza halikufika. La pili kengele ikalia, watu wakashangilia, kichwa kikamvimba. Akapiga la tatu kwa wale waliokuwa hawajaona. Alipoteremsha mkono kumtafuta mwanawe, hakumpata.

Kidoti alikuwa amerudi kwa sungura wake. Mama muuza maputo alimkuta analia huko, akamleta mpaka kwenye hema langu.

"Honi, tangaza upesi, mtoto huyu kapotezana na wakubwa wake."

"Mweke hapo, mama yangu."

Sikutangaza. Nilikuwa katikati ya mbio za magunia za wanaume wenye vitambi, uwanja unacheka, nami najisikia mfalme. Nilimtazama usoni lakini nilikuwa na mbio zangu, hata sikufikiri ni wa nani.

"Mjomba, niitie baba," alisema.

"Subiri kidogo, mama."

Nilijiambia ni dakika mbili. Zilipita kumi na tano.

Katika dakika hizo fundi magodoro alikuwa anaelekea getini na binti yake begani. Alikuwa mtu mkimya, anashona magodoro kwa sindano ndefu kama kiganja, na mtoto yule alikuwa wake wa pekee. Binti alitaka bembea mara ya tano, akakataliwa, sasa anapiga mayowe na kurusha miguu. Baba kwa aibu ya macho ya watu akaongeza mwendo. Ni mzazi gani hajawahi kupitia hapo?

Fundi matairi aliliona gauni kwa nyuma. Nyundo bado ilikuwa mkononi mwake.

"Mwizi! Kamchukua mwanangu! Mshikeni!"

Neno hilo likatosha. Wanaume waliokuwa wanawanunulia watoto wao bisi waliziacha zikamwagika. Teke la kwanza lilimpata fundi magodoro gotini, akaanguka, na alipoanguka alimlalia mwanawe ili miguu isimfikie.

"Ni wangu!" alipiga kelele. "Jamani, mtoto ni wangu!"

"Wote husema hivyo! Mwachie!"

Hakumwachia. Kadiri alivyomkumbatia ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba ni mwizi sugu. Walimpiga mawe mgongoni. Mmoja alivua mkanda wake wenye kichwa cha chuma, akampasua sikio. Fundi matairi alimpiga nyundo mkono wa kulia, mkono wa sindano, na waliokuwa karibu walisikia mfupa unavunjika. Akabaki anamshikilia kwa wa kushoto. Walivipinda vidole kimoja kimoja, na chini yake mtoto anaita "Baba! Baba!" huku fundi matairi anajibu, "Niko hapa, mwanangu, nakuja!" Akainua nyundo tena, ikashukia kichwani.

Ndipo nilipomaliza vichekesho vyangu, nikamtambua Kidoti, nikachukua kipaza sauti.

"Tuna Kidoti hapa, binti wa fundi cherehani, gauni la njano, maua ya buluu, ana alama shavuni. Baba yake aje kumchukua."

Hemani kwangu sikujua lolote. Waliokuwapo waliniambia kwamba mikono ilisimama hewani. Mtu mmoja alimvuta mtoto kutoka chini ya ule mwili, akamgeuza uso. Alikuwa ametapakaa damu isiyo yake, na shavu halikuwa na alama.

Fundi cherehani alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini. Aliliona gauni kama alivyokuwa amepanga, akakimbia. Alilitambua kwa mshono wake, kisha akamtambua aliyelala chini, kisha aliyeshika nyundo.

"Nilikwambia," alisema. Hakupaza sauti. "Si nilikwambia asubuhi?"

Fundi matairi alipiga magoti, akajaribu kumnyanyua mwenzake kichwa. "Kaka, amka. Nisamehe, kaka, amka." Fundi magodoro alikufa ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali.

Fundi matairi hakukimbia. Aliwangoja polisi palepale, na sasa yuko gerezani. Mkewe ameuza cherehani, amehama na Kidoti. Wale wengine walitawanyika. Wiki ile niliwanyoa wanaume kumi na mmoja wenye vidole vilivyochubuka, na kila mmoja aliniambia siku ya maonyesho alikuwa kwake na homa. Nikaendelea kunyoa, kwa kuwa hata mimi sikuwa na uso wa kumtazama mtu.

FUNZO

Nasema nanyi wazazi, na nasema kwa hasira. Mtoto mdogo ukimpeleka kwenye sherehe, siku ile ni yake. Ukitaka kushindana na wenzako, mwache nyumbani kwa mtu anayemtaka. Suruali yako si mkono wako. Na mwenzio anapokwambia jambo la mtoto, inua kichwa umsikie.

Tuliopewa kipaza sauti, zamu au ufunguo wowote, mtoto akiletwa tuache kila kitu. Dakika zangu kumi na tano nitaulizwa.

Na wewe unayesikia "mwizi" ukaokota jiwe, hukuwa unamwokoa mtoto. Ulikuwa unakanyaga mtu aliyekuwa anamwokoa mtoto kutokana na miguu yako. Walikuwapo watu zaidi ya mia, na palikuwa na shahidi mmoja aliyejua kila kitu, wa miaka minne, na hakuna aliyeinama kumuuliza.

Yule binti wa fundi magodoro sasa anaishi na bibi yake, nyuma ya kibanda changu cha kunyolea. Juzi alikanyaga msumari, nikamnyanyua nikaanza kukimbia naye kwenda zahanati. Tulipofika penye watu alinikumbatia shingo, akaanza kupiga kelele kwa kila tuliyempita: "Msimpige! Namjua! Namjua! Msimpige!"